Maziwa ya Unga: Mmeuliza, Nawajibu

Wiki tatu hizi mvua imeharibu barabara za juu mlimani. Pikipiki za maziwa zinazofika mjini saa kumi na mbili zinafika saa nne, na zikifika nusu ya madumu yameshachacha. Basi mji mzima umehamia kwenye maziwa ya unga, na ujumbe wenu umenijaa. Nimechagua maswali yanayojirudia, na mawili matatu nimeyachagua kwa sababu yamenichekesha. Kwa wageni wa safu hii: nimekaanga maandazi na kuoka skonzi za kuuza hapa Moshi kwa miaka kumi na tisa. Maziwa ya unga nimeyatumia kwa magunia, na makosa yake nimeyafanya karibu yote.

Shikamoo mama. Maelekezo ya keki yanasema "kikombe kimoja cha maziwa", mimi nina unga tu. Niliweka vijiko viwili kwenye kikombe cha maji, keki ikatoka kama sponji ya kuoshea vyombo. Kipimo ni kipi, na je, kwa bei napata hasara? (Majengo, Moshi)

Marahaba mwanangu. Maziwa ya ng'ombe sehemu kubwa ni maji. Katika gramu 100, karibu 87 ni maji matupu. Zile 13 zilizobaki ndizo mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Kiwandani wameondoa maji, kazi yako ni kuyarudisha. Lita moja ya maziwa inatoka kwenye gramu 125 hadi 130 za unga wenye mafuta yake yote. Kwa kikombe cha mililita 250 hiyo ni vijiko vinne vya chakula, vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu, siyo vya mlima. Vijiko vyako viwili vilikupa maji meupe, na keki imekujibu ipasavyo.

Kuna kosa la pili umelifanya bila kujua. Unga unatangulia kwenye kikombe, halafu maji yanafuata mpaka kikombe kijae. Ukijaza kikombe maji kwanza ndipo ukaongeza unga, umezidisha majimaji. Kwenye chai hutaona tofauti, kwenye keki utaiona. Na kama unga wako ni ule uliotolewa mafuta, gramu 100 zinatosha kwa lita, ila kwenye keki ongeza vijiko viwili vya chai vya siagi kwa kila kikombe. Ndiyo mafuta yaliyobaki kiwandani.

Wauza keki wenyewe wala hawakorogi maziwa. Wanachekecha unga wa maziwa pamoja na unga wa ngano, kisha palipoandikwa maziwa wanatia maji: kwa kila kikombe, vijiko vinne vya unga wa maziwa kwenye ngano, na maji kikombe kimoja kasoro vijiko viwili vya chakula. Hakuna mabonge, na hakuna sufuria ya ziada ya kuosha.

Umeuliza pia kama unapata hasara. Kilo moja ya unga ni takriban lita nane za maziwa. Chukua bei ya lita hapo Majengo, zidisha mara nane, linganisha na bei ya kilo dukani. Nyasi zikiwa tele, maziwa freshi hushinda. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa zizini wakibaki kulishwa migomba, fanya hesabu upya.

Mama, bibi yangu hataki hata kuyaona. Anasema hayo ni madawa ya Wazungu, wala si maziwa. Nimjibu nini? (Old Moshi)

Usimjibu kwa ukali, ana sababu zake. Watu wa umri wake walikutana na maziwa ya unga kama chakula cha msaada, yamekorogwa na mtu mwenye haraka kwenye maji yasiyopimwa. Mimi mwenyewe niliyanywa shuleni, yakinuka sufuria ya jana. Ukianza kujuana na kitu kwa namna hiyo, hukipendi maisha yako yote.

Ila dawa hakuna. Maziwa hupashwa moto kuua vijidudu, hupunguzwa maji mpaka yawe mazito, halafu hupulizwa kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto. Matone hukauka yakiwa bado yanaanguka, na kinachofika chini ni unga. Baadhi ya viwanda huongeza lesithini kidogo, kitu kinachopatikana hata kwenye kiini cha yai, ili unga uyeyuke upesi. Wala si mambo ya juzi. Marco Polo, yule msafiri wa Venice wa karne ya 13, aliandika kwamba wapanda farasi wa Wamongolia walikausha maziwa juani. Wakiwa safarini waliyatia kwenye mfuko wa ngozi pamoja na maji, na mwendo wa farasi ukayakoroga.

Kwenye ladha bibi yuko sahihi. Yana ladha ya kitu kilichokwisha kupikwa, na huwezi kuiondoa. Unaweza kuificha kwa iliki.

Nikiyaweka kwenye chai yanafanya mabonge, yanaelea kama ubuyu. Nakoroga mpaka mkono unauma. (Unga Limited, Arusha)

Wa Unga Limited unashindwaje na unga?

Chukua bonge moja uliweke kwenye kisosi, ulipasue kwa kijiko. Katikati utakuta vumbi jeupe, kavu kabisa, ndani ya kitu kilichokuwa kinaogelea kwenye chai. Unga ukiangukia kwenye chai inayochemka, tabaka la nje hulowa na kuiva papo hapo, linageuka ngozi, na maji hayapiti tena. Hata ukoroge mpaka kesho, unazungusha tu mipira.

Kwa hiyo unga ulowe kabla haujakutana na moto. Weka vijiko vinne kwenye kikombe kikavu. Ongeza maji ya vuguvugu, siyo ya moto, vijiko vitatu tu. Sasa ponda kwa mgongo wa kijiko ukisugua kwenye ukuta wa kikombe, mpaka upate uji mzito unaong'aa kama rangi ya mlango iliyopakwa sasa hivi. Hapo ndipo unaongeza maji mengine kidogo kidogo. Ukiwa na nafasi, yaache dakika kumi yapumzike. Chembe zilizobaki hulainika zenyewe. Chai ikishaiva, epua, mimina maziwa, rudisha jikoni mpaka ianze kupanda, zima. Ukiyaacha yachemke muda mrefu kwenye jiko la mkaa yatashika chini, na chai yote itanuka moshi.

Kama una haraka za asubuhi, changanya unga na sukari yako vikiwa vikavu kabla ya kutia maji. Chembe za sukari hutenganisha chembe za maziwa, mabonge yanakosa pa kuanzia. Kwenye uji wa ulezi ni hivyo hivyo: uji uive kwanza kwa maji, maziwa yaliyokorogwa yaingie mwisho.

Chai yangu ya tangawizi inakatika kila siku, iwe maziwa freshi, iwe ya unga. Jirani anasema ni kwa sababu Arusha iko juu, maji hayachemki vizuri. Ni kweli? (Sakina, Arusha)

Swali hili nimelipenda. Jirani amepata nusu. Arusha iko kwenye mita kama 1,400, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hapa Moshi, kwa kuwa tuko chini zaidi, ni kama 97. Maharage yako yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo, lakini maziwa hayakatiki kwa sababu hiyo.

Mwenye makosa ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na protini ya maziwa ndiyo chakula chake. Kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la kama nyuzi 60, na kikipita 70 huanza kufa upesi. Sasa fikiria unavyopika: umetwanga tangawizi, umeitupa kwenye sufuria pamoja na maziwa ya baridi, ukawasha moto mdogo. Sufuria inapita pale kwenye 60 polepole, kimeng'enya kinapata muda wa kutosha, na ukifunika kwa dakika tano unakuta maji ya kijani juu na makapi meupe chini. Huko Guangdong, China, wameigeuza tabia hii kuwa chakula: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yanaganda kama kastadi, wanakula kwa kijiko. Wewe ulitaka chai.

Chemsha tangawizi na maji peke yake kwanza, dakika tano zikitokota sawasawa. Nyuzi 95 za Arusha zinatosha kabisa kukimaliza. Majani yafuate, halafu maziwa. Na usiongeze tangawizi mbichi mwishoni eti iwe kali. Umerudisha adui mzima kwenye sufuria inayopoa.

Freshi yakikatika hata bila tangawizi, hayo yameanza kuchacha kwenye dumu kabla hujayanunua. Maziwa ya unga yaliyokorogwa sasa hivi hayana tatizo hilo, na hapo nayasifu.

Shikamoo mama. Mama mkwe anakuja Jumamosi na anategemea kitawa. Maziwa mgando hayapatikani mtaani. Naweza kutumia maziwa ya unga? (Rau, Moshi)

Marahaba, na pole. Jibu la haraka: ukiponda ndizi na maziwa ya unga yaliyokorogwa, hujapika kitawa, umepika ndizi za mtoto. Kitawa ni ndizi na maziwa mgando, kinataka uchachu, na mama mkwe atajua kwenye kijiko cha kwanza. Atasema "asante mwanangu, nimeshiba," na wewe utajua.

Lakini leo ni Jumanne, una muda wa kugandisha mwenyewe. Maziwa mabichi ya ng'ombe huganda kwa vijidudu vyake na vile vinavyoishi ndani ya kibuyu. Unga haukuja na vijidudu hivyo. Ukikoroga maziwa ya unga ukayaacha mezani yagande yenyewe kama alivyofanya bibi, hayagandi vizuri, yanaharibika. Lazima uyape mbegu.

Koroga gramu 150 za unga kwa lita, yaani mazito kidogo kuliko ya kunywa, kwa sababu mgando mwepesi hautashika ndizi. Pasha mpaka karibu kuchemka, shikilia moto mdogo dakika kumi ukikoroga chini. Watu huruka hatua hii wakisema unga ulishachemshwa kiwandani. Ni kweli ulipashwa, lakini moto huu wa pili unafungua protini za maziwa ili zishikane, na maji uliyotumia nayo yanahitaji kuchemka. Kisha yapoe. Sasa inategemea mbegu yako. Kama ni yogati, maziwa yawe na joto la nyuzi 42 hadi 45: ukitumbukiza kidole safi unahesabu mpaka kumi bila kukitoa. Tia vijiko viwili vya yogati isiyo na ladha wala rangi, funika, zungushia blanketi au weka kwenye hotipoti, saa sita hadi nane. Kama mbegu ni mtindi, wenyewe hautaki joto kubwa. Maziwa yapoe kabisa yafike joto la chumba, tia vijiko vitatu, funika, uache usiku kucha mpaka kesho mchana. Kwa Moshi saa kumi na mbili mara nyingi zinatosha. Mtu wa Ngaramtoni mwezi wa saba ahesabu siku nzima, na akiweka karibu na jiko hakosei.

Ndizi zako chemsha, ponda, halafu zipoe. Huko ndiko wengi huanguka: mgando ukikutana na ndizi za moto unakatika na kutoa maji, kitawa kinakuwa kama kimelia. Waarusha na Wameru wanaopika loshoro, chakula chao cha maziwa mgando, wanalijua hili vizuri.

Kama utapata hata nusu lita ya maziwa freshi, fanya hivi: yachemshe, ongeza kijiko kimoja na nusu cha chakula cha unga wa maziwa, yapoe, yape mbegu. Unga hapo unafanya kazi ya kukaza tu, ladha ni ya ng'ombe. Huu ndio mgando ninaokula mimi nyumbani. Tahadhari moja: usirudi kwenye maziwa mabichi yasiyochemshwa ili kumfurahisha mkwe. Ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo.

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni pori, hutaipata kwenye blanketi. Hilo mwombe radhi.

Na mtori je, niweke maziwa ya unga? (Kiboriloni)

Hapana. Una ndizi, una nyama, una kipekecho. Unatafuta nini tena?

Mama, nauza maandazi Mianzini. Nilisikia unga wa maziwa unayafanya laini, nikaweka kikombe kizima kwa kilo mbili za ngano. Yamekuwa meusi nje, mabichi ndani. (Arusha)

Yamenipata hayo kwa maandazi mia mbili, sendofu ya binti wa jirani yangu, wageni wakiwa wameshakaa. Nilijiona fundi, nikazidisha maziwa ili yawe matamu. Yakatoka na rangi ya kahawa ndani ya nusu dakika. Nilipolipasua la kwanza, uzi wa unga mbichi ukanifuata mpaka kwenye kidole. Tuliwalisha wageni ndizi za kukaanga tukijifanya ndivyo ilivyopangwa.

Sukari ya maziwa haifanani na hii ya chai. Hamira haiwezi kuila. Sukari uliyotia kwenye kinyunya, hamira huila sehemu yake wakati kikiumuka. Ile ya maziwa inabaki yote mpaka kwenye mafuta, na huko inakutana na protini na kubadilika rangi upesi. Kidogo inakupa rangi nzuri ya dhahabu hata bila yai. Kikombe kizima kinakupa makaa.

Kipimo changu cha biashara ni gramu 20 hadi 40 kwa kilo ya ngano, yaani vijiko vitatu hadi vitano vya chakula. Changanya vikiwa vikavu pamoja na hamira, sukari na iliki. Ongeza maji kijiko kimoja zaidi ya ulivyozoea, maana unga wa maziwa unakunywa. Na punguza moto wa karai: kipande kidogo cha kinyunya kikitumbukizwa kizame kwanza, halafu kiibuke taratibu na mapovu madogo. Kikipaa papo hapo, mafuta yamezidi moto kwa maandazi ya maziwa.

Wanaotumia maziwa freshi kwenye skonzi wayachemshe kwanza na kuyapoza. Maziwa yasiyochemshwa yana protini inayolegeza kinyunya, skonzi hazipandi vizuri. Nilikaa miaka minne nikilaumu hamira.

Muuza maziwa wangu anaongeza maji, nina uhakika. Nikiongeza unga kidogo nyumbani, si nimesawazisha? (Pasua)

Umesawazisha protini na mafuta. Ukihisi robo ni maji, kijiko kimoja cha unga kwa kila kikombe kinarudisha uzito. Lakini yale maji hujui yalichotwa wapi, kwa hiyo chemsha mpaka yapande, bila mjadala.

Kupima: vituo vya kukusanyia maziwa hutumia laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa halisi yana uzito wa kama 1.028 hadi 1.033 ukilinganisha na maji yenye 1.000, hivyo yakiongezwa maji kijiti huzama zaidi. Nyumbani dondosha tone kwenye kioo kilichoinamishwa. Maziwa mazima hushuka polepole na kuacha mstari mweupe, ya maji hukimbia. Si ushahidi wa mahakamani, ila utakupa picha. Wajanja huongeza unga wa ngano au wa muhogo ili yaonekane mazito. Weka tone la ayodini ya kidonda kwenye maziwa kidogo yaliyochemshwa na kupoa. Yakigeuka bluu iliyoiva, kuna wanga. Hayo uliyopima mwaga.

Mimi niliwahi kuuziwa kwa mwaka mzima maziwa yaliyokuwa yanaacha matone kwenye glasi kama mvua ya dirishani, nikanyamaza kwa sababu muuzaji alikuwa anasali jumuiya moja na mimi. Wewe usinyamaze. Mwambie asubuhi, peke yake, kwa sauti ya chini, halafu umpe wiki. Asipobadilika, hama. Ukiwa upande wa Machame kuna akina mama wa ushirika wa Nronga. Kokote ulipo, maziwa yanayopita kwenye kipimo kabla hayajafika kwako ni bora kuliko ya kuaminiana.

Maziwa freshi yananijaza gesi. Ya unga yatanisaidia? (Njiro, Arusha)

Hayatakusaidia. Sukari inayokusumbua ndiyo ile ile, imekaushwa pamoja na mengine. Jaribu mtindi, kwa sababu vijidudu vyake vimeshaila sehemu ya sukari hiyo kabla yako.

Mtoto wangu ana miezi mitano, maziwa yangu yamepungua. Naweza kumkorogea haya ya kopo la chai, nikiyafanya mepesi? (Soweto, Moshi)

Hapana, mwanangu, na hapa sifanyi mzaha. Maziwa ya unga ya kawaida ni maziwa ya ng'ombe. Chini ya mwaka mmoja mtoto hapaswi kuyategemea: protini na chumvi zake ni nyingi mno kwa figo zake, madini ya chuma ni kidogo mno. Ukiyafanya mepesi umempunguzia pia chakula. Mpaka miezi sita mtoto anatakiwa maziwa ya mama pekee, na maziwa yakipungua mara nyingi yanaweza kurudi kwa kunyonyesha mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na wewe kula na kunywa. Nenda kliniki kesho asubuhi, wamwangalie anavyonyonya na wampime uzito.

Wakikuandikia maziwa maalumu ya watoto, yakoroge kwa maji yaliyochemka ambayo bado hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa sababu hata unga huo unaweza kuwa na vijidudu. Kisha yapooze upesi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumpa, na yanayobaki kwenye chupa mwaga.

Kwa Mangi wanapima maziwa ya unga kwa kijiko kutoka kwenye gunia, bei nzuri. Ninunue? Na ya kwangu ya zamani yameganda kama jiwe. (Himo)

Gunia lililofunguliwa ninalitazama mara mbili. Kwanza jirani zake: likikaa kando ya sabuni ya unga na mafuta ya taa, maziwa yatanuka sabuni na mafuta ya taa, kwa maana mafuta ya maziwa hunyonya harufu kuliko kitambaa. Pili, mwombe Mangi akuonyeshe maandishi ya gunia lenyewe. Soma viambato. Ukikuta mafuta ya mawese au mafuta ya mimea, hayo ni maziwa yaliyotolewa mafuta yake yakawekewa mengine. Si sumu, na kwenye chai yanapita, ila usilipe bei ya maziwa kamili. Ukikuta sharubati ya glukosi imetangulia, hiyo ni krima ya kahawa, haifai kugandisha mtindi hata ukesha nayo. Tafuta tarehe na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mangi akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Jiwe lako: livunje, unuse. Kama harufu ni ya maziwa tu, limeshika unyevu, pengine kutoka kwenye kijiko ulichochotea chai. Twanga, chekecha, tumia upesi kwenye maandazi. Kama linanuka rangi ya mafuta au karanga za mwaka juzi, mafuta yake yameharibika, na hakuna iliki itakayokuokoa. Unga mpya uweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, kabatini, mbali na jiko na dirisha. Ule uliotolewa mafuta hudumu zaidi, kwa sababu hauna cha kuchacha. Na ukishatia maji, sahau habari ya kudumu. Hayo sasa ni maziwa kama maziwa mengine, yasikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye friji yamalize ndani ya siku mbili.

Shikamoo mama. Mimi nakaa geto, sina jiko wala friji. Ni vibaya kulamba unga mkavu kwenye kopo? (Ngarenaro, Arusha)

Marahaba. Tulikuwa tunapanda kwenye stuli, mmoja anashika mlango, mwingine anajaza kiganja, unga unanasa kwenye kaakaa mpaka huwezi kujibu mama akiita. Si vibaya. Kunywa maji baadaye, usirudishe kijiko kilicholowa mate ndani ya kopo, na jifute juu ya mdomo kabla hujafungua mlango.